Nilimwita mdogo wangu mwizi wa mafuta mbele ya mama, sasa sina uhakika na vipimo vyangu

Shikamoo fundi. Mi ni dereva boda hapa Morogoro, kijiwe changu kiko karibu na Msamvu, nina miaka 29. Pikipiki ni cc 125 ya kabureta, nilinunua mwaka jana kwa akiba yangu pamoja na hela ya mahindi aliyouza mama, kwaiyo tukasema iwe ya familia. Mchana naendesha mimi kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, usiku anachukua mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 21, anarudi kama saa 7 hivi. Hela ya mafuta inatoka kwenye kopo moja kabatini kwa mama, na hapo ndo shida ilipoanzia maana kopo lilikuwa linaisha haraka kuliko nilivyotegemea.

Nikaamua kupima. Nilichofanya, ikizima nikaweka rizavu naenda naweka mafuta ya 6,000, nakadiria lita moja ni shilingi 3,000 ili nisisumbuke na vichele, kwaiyo lita mbili, alafu naangalia kilometa mpaka izime tena nihamie rizavu. Za kwangu siku tatu zilikuja 88, 92 na 81. Nikamwambia na dogo afanye hivyo hivyo aniandikie, za kwake zikaja 62, 70 na siku moja 57. Yani mimi nakwenda kama 44 kwa lita yeye anakwenda 28 mpaka 35, pikipiki hiyo hiyo moja! Nikajua tu huyu ananyonya mafuta kwa mpira anauza kwa wenzake.

Jumapili jioni tukiwa tunakula nikamwambia mbele ya mama, dogo wewe ni mwizi. Akaapa, akalia kabisa, akabeba begi lake akaenda kwa mjomba Kihonda. Leo siku ya 9. Mama ananiwekea chakula ila hakai na mimi kula, na usiku pikipiki inalala tu ndani.

Kitu kinachonisumbua ni kwamba tangu aondoke, mimi mwenyewe nimepima tena, siku moja nikapata 66. Sijamwambia mtu. Dogo alikuwa anasema usiku akiwa mbali na sheli huwa ananunua ya chupa barabarani, na kwamba mshale wa spidi unacheza cheza kwenye ile barabara ya rafu ya kule Kihonda ndani, mi nikaona anatafuta visingizio. Pale kijiweni kuna jamaa anauza dawa ya kumwaga kwenye tenki, 10,000 kichupa, anasema inaongeza kilometa 15 kwa kila lita, mwingine anasema nibadilishe jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta. Naomba unielekeze kwa ukweli, pikipiki inapimwaje mafuta mtu ujue inakula kiasi gani hasa? Na kama nilikosea nafanyaje na dogo?

Dereva, Morogoro

*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile 66 yako ya siri ndo imenifanya nikuone ni mtu mkweli, kwasababu wengi wangeificha hata kwangu. Nianze na la dogo kabla sijagusa koki wala kabureta. Kwa namba ulizoniandikia hakuna fundi duniani anayeweza kusema mdogo wako anaiba. Hakuna. Sisemi kwamba namjua moyo wake, nasema kipimo chako hakina uwezo wa kuona hicho kitu ulichomtuhumu nacho. Ni kama kupima chumvi kwa mizani ya kupimia magunia ya mkaa.

Tuanze na hiyo rizavu maana ndo kiini cha yote. Ndani ya tenki, pale koki inapoingia, kuna kijibomba kimesimama. Ukiwa kwenye ON mafuta yanaingilia juu ya hicho kijibomba, ukihamisha rizavu yanaingilia tundu la chini kabisa. Kwaiyo pikipiki inazima pale mafuta yanaposhuka chini ya mdomo wa kijibomba, sawa. Lakini tenki lako halijakaa kama ndoo, limekalia bomba la fremu kama tandiko la punda, lina shavu la kushoto na shavu la kulia, na koki iko shavu moja. Mafuta yakipungua, yale ya upande wa pili yanabaki huko hayavuki mpaka pikipiki iinamie upande wa koki. Na hii unaijua wewe mwenyewe bila kufundishwa na mtu, si ndo maana ikikuzimikia kabisa porini unailaza chini ubavu kidogo alafu unaiinua unapiga kiki inawaka? Hayo mafuta yalitoka wapi? Yalikuwa shavu la pili.

Sasa basi siku umezimikiwa ukiwa unapanda mlima, siku nyingine kwenye kona, siku nyingine umetoka kuiegesha kwa stendi ndogo, kila siku rizavu inakuja mahali pake. Tuseme inakosea nusu lita tu, na mimi naona hiyo ni kawaida. Zile lita zako mbili zinaweza kuwa moja na nusu au mbili na nusu. Chukua ile 88 yako, gawa kwa 2.5 unapata 35, gawa kwa 1.5 unapata karibu 59. Pikipiki ile ile, siku ile ile, hakuna aliyeiba hata tone, ila karatasi inasema 35 au 59 kutegemea imekuzimikia wapi. Na kibaya zaidi mnapokezana, kwaiyo yaliyobaki shavu la pili kwenye zamu yako yanaingia kwenye hesabu ya dogo, na ya dogo yanaingia kwako.

Alafu kuna yale mawili aliyokwambia ukaona visingizio. La chupa kwanza. Ile chupa ya barabarani hakuna aliyeipima, pampu za sheli zinakaguliwa na Wakala wa Vipimo na zinabandikwa stika, chupa ya maji iliyojazwa gizani nani ameikagua? Muuzaji anatafuta faida yake na faida inatoka kwenye bei au kwenye ujazo, au vyote. Tuseme kila anayoiita lita ina robo tatu na kidogo, tuweke 0.85, dogo amelipia lita mbili ameweka 1.7. La pili ni huo mshale, na hapa nilipofika kwenye barua yako niliweka simu chini nikasema aisee. Nyingi ya hizi pikipiki zetu zenye mshale zinahesabu kilometa kutoka tairi la mbele, kuna kigia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kinazungusha waya, waya unapanda mpaka kwenye dashibodi. Ncha ya ule waya ina pembe nne, ikilika inakuwa mviringo, inateleza. Kwenye lami inashika vizuri, kwenye rafu inaruka ruka, mshale unacheza, na kila unapocheza kuna mita ambazo tairi limekwenda ila dashibodi haijazihesabu. Kwaiyo dogo anaweza kuwa amekwenda kilometa 70 kweli, dashibodi ikaandika 62. Gawa 70 kwa 1.7, unapata 41. Siku yako mbaya ya 81 ulipata ngapi? 40 na nusu.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa, hizo 0.85 na 70 nimeziweka mimi kukuonyesha njia. Lakini uone jinsi tofauti yote iliyomtoa mtoto nyumbani inavyoweza kuyeyuka bila mwizi.

Haya, kupima. Kupima kwa kweli ni kujaza mpaka alama, kutembea sana, kujaza tena mpaka alama ile ile. Lita ulizorudishia ndizo zilizotumika, basi. Rizavu sahau kabisa kwenye kazi hii. Ila hiyo alama ndo watu wanaikosea kwaiyo nifuate taratibu. Chagua sheli moja na pampu moja, nenda asubuhi mapema kabla jua halijapiga tenki, maana petroli inavimba kwa joto, karibu asilimia moja kila joto likiongezeka nyuzi 10, na tenki lililokaa juani linadanganya. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, sio ndogo, na iwe sehemu ile ile kila siku kwasababu sheli nyingi sakafu yake ina mteremko wa maji, tafuta hata ufa au doa kwenye zege uweke tairi la nyuma hapo hapo. Mwombe dada wa pampu amalizie pole pole, mafuta yakikaribia shingo ya tenki asimame, povu litulie, wewe unachungulia, anaongeza kidogo mpaka yaguse pale shingo inapoanzia. Hapo ndo alama yako. Usijaze mpaka mdomoni, yakivimba yatatoka kwenye mfuniko yaangukie injini ya moto, na hiyo mdogo wangu sio hasara ya mafuta tena, ni moto katikati ya miguu yako.

Kwenye daftari andika lita, usiandike shilingi. Hii naisisitiza kwasababu EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwaiyo 6,000 ya mwezi huu sio 6,000 ya mwezi ujao, na wewe umeshaanza kwa kukadiria 3,000. Pampu inakuonyesha lita na pointi mbili, 4.83 andika 4.83, usiifanye 5. Andika na kilometa za dashibodi pale pale kabla hujawasha, sio ukifika kijiweni.

Kisha tembea. Usijaze leo ukapima kesho ukasema umemaliza. Ukipima kwa lita mbili na alama yako ikakosea kidogo, tuseme robo lita, umekosea zaidi ya asilimia 12. Ukipima kwa lita 20 ile robo lita ni asilimia moja na kidogo. Na haina maana ukaushe tenki, hapana, jaza kila asubuhi kama kawaida na uandike, baada ya wiki moja au mbili jumlisha lita zote isipokuwa zile za kujaza mara ya kwanza kabisa, jumlisha kilometa zote, gawa mara moja tu. Makosa ya katikati yanajifuta yenyewe, kama leo umezidisha kidogo kesho itaingia pungufu, linabaki kosa la siku ya kwanza na la siku ya mwisho.

Na usichukue wastani wa wastani, hili kosa nimeliona hata kwa watu wenye shule zao. Siku moja umetumia lita 2 ukaenda kilometa 100, hiyo ni 50 kwa lita. Siku nyingine lita 6 kilometa 240, hiyo ni 40. Mtu anajumlisha 50 na 40 anagawa kwa mbili anasema 45. Sio kweli, umetumia lita 8 umekwenda 340, ni 42 na nusu.

Kilometa nazo lazima uzikague, na kwa mshale wako huo ni lazima haswa. Toka siku moja asubuhi barabara kuu ya Iringa kuelekea Mzumbe au ya Dodoma, fuata vile vibao vya kilometa vya pembeni ya barabara, anza kwenye kibao kimoja nenda 10 geuza rudi 10, angalia dashibodi imeandika ngapi. Ikiandika 19 kwa safari ya 20, basi kila kilometa unazozipata zidisha kwa 20 gawa kwa 19, 44 yako ni 46 kumbe. Alafu nenda ile rafu ya Kihonda ndani na simu yenye ramani inayorekodi safari, linganisha. Simu nayo hukata kona kidogo ila kwa umbali mrefu itakupa picha, na kama kwenye lami dashibodi na simu zinakaribiana na kwenye rafu dashibodi inabaki nyuma sana, umeshampata mwizi wako, yuko kwenye habu ya mbele. Waya mpya ni hela ndogo. Angalia pia kama tairi la mbele ulibadilisha saizi, 2.75 kwenda 3.00 kwa rimu ya 17 inakata kama asilimia mbili ya kilometa unazohesabiwa, sio nyingi ila ipo.

Sasa nikusimulie kitu kilichonifunga mdomo mpaka leo nisimtuhumu dereva. Miaka ya nyuma nikiwa bado kijana gereji, bosi mmoja alileta pikipiki yake amekasirika, anasema dereva anamwibia, kila jioni anaacha mafuta asubuhi yamepungua. Dereva amesimama nje, hasemi kitu. Tukailaza gereji usiku koki ikiwa wazi kama walivyozoea. Alfajiri nikafungua mlango, harufu ikanipiga usoni, nikamulika tochi chini, kwenye zege kuna duara limelowa kama sahani, na kwenye kile kibomba chembamba cha kabureta kinachoning'inia chini kuna tone linajikusanya, linakuwa kubwa, linaanguka, linaanza lingine. Sindano ya floti, ile inayofunga mafuta kabureta ikijaa, ilikuwa imelika, haifungi. Kitu kidogo hivi, urefu wa punje mbili za mchele. Yule dereva alikuwa ameshakatwa hela ya wiki tatu. Bosi alimrudishia, lakini yule kijana hakurudi kuendesha tena ile pikipiki, na nilimwelewa.

Kwaiyo usiku wa leo ilaze nje mbali na moto, acha koki wazi, weka karatasi kavu chini ya kabureta, asubuhi angalia. Na kabla hujaanza wiki ya kupima, weka pikipiki sawa kwanza ili usipime ugonjwa: upepo wa tairi ujazwe kwa geji sio kwa kubonyeza na kidole, tairi la nyuma lizunguke huru breki isiwe inashika, hewa klina isafishwe, choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, irudi mpaka mwisho maana ikibaki nusu inakunywa kama ng'ombe. Jeti usiguse. Dawa usinunue, na kama lazima ununue basi ipime hivi: wiki mbili bila dawa, wiki mbili na dawa, alafu wiki mbili tena bila dawa, njia zako zile zile. Namba ikipanda katikati na ikashuka tena mwishoni, njoo unitukane. Jamaa anayesema 15 kwa kila lita kwa pikipiki inayokwenda 44 anakuahidi theluthi nzima ya kilometa za ziada bure, jiulize kwanini wenye viwanda hawajaiweka wenyewe.

Na namba za kwenye karatasi ya duka achana nazo. Zinapimwa maabara, pikipiki iko juu ya rola, haina abiria na kiroba cha mchele, haina foleni ya Msamvu. Kwa cc 125 ya kabureta ya boda iliyo nzima, zilizopita gerejini kwangu nimekuwa nikiona kati ya 40 na 50, kwaiyo wewe hauko pabaya. Na zamu ya dogo itakula zaidi kidogo hata akiwa malaika, usiku barabara tupu vijana wanakanyaga, na ukiongeza spidi upepo unakuzuia kwa nguvu ya mraba, ukitoka 40 kwenda 80 upepo peke yake ni mara nne.

Sasa dogo. Nenda kesho Kihonda, usisubiri umalize kupima, hilo ndo nakuomba sana. Ukisubiri namba zikusafishe utakuwa unamwambia kwamba angeonekana mwizi kama pampu ingesema hivyo. Ulimtukana mbele ya mama na jibu lisiishie kwa mjomba chumbani, mwombe radhi pale kwa mjomba, na akirudi mwombe tena mkiwa mmekaa kula na mama akisikia kwa masikio yake. Umwambie kuhusu ile 66. Mwonyeshe kwenye daftari, usimwelezee kwa maneno.

Akikubali kurudi, lile kopo la mafuta liondoeni, limewagombanisha. Kuanzia sasa kila mmoja anapokea pikipiki tenki likiwa kwenye alama na anaikabidhi likiwa kwenye alama, anayemaliza zamu anajaza kwa hela yake mwenyewe. Kama sheli yenu imefungwa saa 7 usiku, basi dogo asubuhi saa 12 mnakwenda wote wawili, anajaza zamu yake mbele yako, na wewe jioni unajaza yako mbele yake. Hapo mtu akinyonya mafuta anajinyonyea mwenyewe, na akikanyaga sana analipa mwenyewe, hakuna wa kumlinda mwenzake. Chupa ya barabarani iwe ya dharura tu, na ikitokea iandikwe pembeni.

Baada ya wiki mbili niandikie tena, lita na kilometa za zamu zote mbili, na za dogo aziandike yeye kwa mkono wake.